Makimbilio ya Kale Yasigeuzwe Kuni

Kuna kauli moja inayozidi kusikika siku hizi, barazani na sokoni, hata vinywani mwa watu waliosoma, nami naona haifai kuachwa ipite hivi hivi. Husemwa: "Hali ya hewa haikuanza kubadilika leo. Zamani vile vile jua liliwaka, mvua ikakatika, kisha ikarudi. Mbona wanyama na miti wamebaki? Basi kelele zote hizi za nini?" Hapa Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, ambako mimi mzaliwa wa Mvita nimefanya maskani, kauli hiyo nimeisikia mara nyingi. Jirani yangu mmoja, mkulima wa mahindi na mtu mwenye akili zake, huniambia, "Shehe, Mola aliyevihifadhi viumbe wakati ule ndiye huyo huyo wa leo."

Kwamba Mola ni yule yule, hilo halina ubishi. Na kwamba hali ya hewa ilibadilika zamani, hilo nalo ni kweli tupu. Lakini kweli hiyo ikitazamwa vizuri haimtetei mwenye shoka, bali inamshitaki. Viumbe vya kale vilisalimika kwa sababu tatu: vilikuwa na mahali pa kukimbilia, vilikuwa na njia ya kupita, na vilipewa muda wa kutosha. Tena katika kukimbia huko, na kutengana huko, ndimo ulimopatikana wingi huu wa aina za viumbe tunaojivunia leo mbele ya wageni. Sisi sasa twayakata makimbilio yale yale, twaziziba njia zile zile, na muda nao umetupungukia. Hayo ndiyo nitakayo kuyaeleza. Nawaomba wasomaji wa Pwani wasidhani kuwa hizi ni habari za bara tu, maana mwisho wake utafika mlangoni kwetu.

MILIMA MIWILI, MIMEA MIWILI

Asiyefika huku na ajue kwamba Matisi imekaa baina ya milima. Upande wa magharibi upo Mlima Elgon, mlima wa moto uliozimika zamani, ambao kilele chake cha Wagagai, upande wa Uganda, kina kimo cha mita 4,321. Upande wa mashariki iko safu ya Cherang'ani. Katikati ni uwanda wa Trans Nzoia, kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na uwanda wenyewe ni mahindi upeo wa macho.

Juu kabisa ya Elgon, mahali ambapo usiku maji huganda na mchana jua huunguza, huota mmea wa ajabu. Shina lake ni nene na refu kumpita mtu, na kichwani limevaa fungu la majani makubwa mfano wa kabichi. Majani yakizeeka hayadondoki, bali hulala shinani na kulivika nguo ya kulikinga na baridi. Wataalamu huuita ukoo huo Dendrosenecio. Na jambo la kustaajabisha ni hili: Elgon ina aina yake, iliyopewa jina la Elgon, na Cherang'ani ina aina yake, iliyopewa jina la Cherang'ani. Kilimanjaro nayo ina yake, na Mlima Kenya una yake. Wote ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini hakuna hata mmoja awezaye kuishi katika joto la uwanda huu ulio baina yao.

Basi ndugu hawa walifikaje milimani mbalimbali, na kwa nini hawafanani? Mwaka 1995 wataalamu wawili, Knox na Palmer, walitoa matokeo ya uchunguzi wao wa urithi ulio ndani ya mimea hii. Walikisia kwamba ukoo ulianzia juu ya Kilimanjaro kiasi cha miaka milioni moja iliyopita, kisha mbegu zikaenda mlima hata mlima. Na katika miaka milioni moja hiyo hali ya hewa ya dunia haikutulia. Zilipita zama za baridi, barafu ikatanda nchi za kaskazini. Zikaja zama za joto, barafu ikayeyuka. Zikarudi tena za baridi, mara baada ya mara.

DAFTARI LA KINAMASI

Msomaji atauliza, na ana haki: nani aliyeshuhudia hayo? Jibu ni kwamba nchi yenyewe iliandika. Maua hutoa unga mwembamba, nao ndio chavua. Unga huo hupeperushwa na upepo, na ukianguka katika kinamasi huzama topeni ukakaa maelfu ya miaka bila ya kuoza. Mwaka hata mwaka tope huongezeka, tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za daftari. Mtaalamu hushindilia bomba chini, akatoa tope lile, akasoma kwa darubini ni miti gani iliyokuwako wakati gani.

Daftari moja la namna hiyo liko huku kwetu, katika kinamasi cha Kaisungor, milima ya Cherang'ani. Wataalamu Van Zinderen Bakker na Coetzee walilisoma na kulieleza katika miaka ya 1960, na kazi yao ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo za aina hiyo Afrika Mashariki. Baadaye zilisomwa kurasa nyingine kutoka Elgon, Mlima Kenya na Uganda, na zote zilitoa ushahidi wa namna moja. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, nchi hizi zilikuwa na baridi kuliko leo kwa nyuzi nne au tano hivi, tena zilikuwa kavu. Elgon, ambayo leo haina barafu ya kudumu, wakati huo ilikuwa nayo. Msitu ulirudi nyuma na kukatika vipande vipande, na nyasi zikatawala mahali palipokuwa na kivuli.

Hesabu yake si ngumu. Mtu akipanda mlima mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa hiyo nchi nzima ikipoa nyuzi nne au tano, mimea ya kileleni huweza kushuka mamia ya mita, ikakaribiana na wenzao wa mlima wa pili, na mbegu zikapata safari fupi ya kuvuka. Joto likirudi, kila kundi hupanda tena kwake juu, likafungiwa kileleni kama watu waliozingirwa na maji kisiwani. Na wakiwa kisiwani, huanza kuachana.

MFANO WA LUGHA YETU

Jambo hili la kuachana mtu wa Pwani hana haja ya kufundishwa na mtu wa darubini. Analo ulimini mwake. Hebu tazama: Kiamu, Kimvita, Kipemba, Kiunguja, na Chimiini cha Barawa. Ongeza Kingazija na Kinzuani kule Visiwa vya Komoro, kisha Kipokomo na lugha za Mijikenda. Wataalamu wa lugha huzikusanya zote katika kundi moja wanaloliita Sabaki, kwa jina la mto, na husema kwamba zamani zilikuwa na mama mmoja. Hakuna mkutano uliokaa ukaamua kwamba kuanzia leo Mngazija na Mmvita wasielewane. Watu walitengwa na maji, na masafa, na karne. Kila kundi likaongeza neno lake na kuacha neno lake. Na siku ndugu walipokutana tena wakajikuta wanahitaji mkalimani.

Ndivyo ilivyo kwa viumbe. Kundi moja likigawanywa na ukame, au joto, au maji ya bahari yaliyopanda, kila upande huzaana peke yake. Tofauti ndogo ndogo hujumlika kizazi baada ya kizazi, na wakikaa mbali muda wa kutosha, hata wakikutana tena hawachanganyiki. Hapo aina moja imekuwa mbili. Lugha hutumia karne. Viumbe aghalabu hutumia maelfu kwa maelfu ya miaka.

Huenda hapa mtu akasita, akauliza kama hii si ile hadithi ya kumfanya binadamu mtoto wa kima. La hasha! Mimi nazungumzia miti, samaki, na kima wenyewe. Habari ya Nabii Adamu, amani iwe juu yake, ina wenyewe wanaoisomesha, nami si mmoja wao. Na kutazama jinsi nchi inavyomuathiri mnyama anayekaa ndani yake si jambo lililozuliwa na Wazungu juzi. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa, aligusia jambo hilo katika kitabu chake kikubwa cha wanyama, Kitab al-Hayawan. Kuuchunguza ulimwengu ni urithi wetu, tusiuonee haya.

NZOHE NA KALASINGA

Nirudi Trans Nzoia. Mwendo mfupi kutoka Kitale, kwa njia ya Kapenguria, iko mbuga ya kinamasi cha Saiwa. Ilitengwa mwaka 1974 na ndiyo Mbuga ya Taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya, kiasi cha kilomita tatu za mraba tu. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe. Huyu ni jamii ya swala, kwato zake ndefu hufunguka asizame topeni, na akiogopa hujitosa majini akabakiza pua nje. Nzohe ni mnyama wa vinamasi vya Afrika ya kati na magharibi, Kongo na kwingineko. Vinamasi vilipounganika na mito ilipojaa, alienea mpaka huku. Nchi ilipokauka, alibaki katika vidimbwi vya mafunjo vilivyosalia. Saiwa ni kimoja cha vidimbwi hivyo.

Katika miti ya Saiwa yumo pia kima mwenye ndevu nyeupe na paji la uso la rangi ya machungwa. Watu walimtazama ndevu zake wakamwita kalasinga. Naye asili yake ni misitu ya Kongo, kando ya mito. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hapa Kenya yuko magharibi ya Bonde la Ufa peke yake. Kisha mwaka 2007 ikaandikwa habari ya kalasinga walioonekana katika milima ya Mathews, nchi ya Wasamburu, mashariki ya Bonde. Kalasinga havuki jangwa. Kama yuko ng'ambo, hukumu iliyo karibu na akili ni kwamba zamani mvua ilipokuwa nyingi palikuwa na miti ya kumpitisha, kisha njia ikakatika nyuma yake. Yeye mwenyewe ni hati ya njia ambayo haipo tena.

Hati nyingine kubwa zaidi iko mwisho wa safari ya Mto Nzoia, ambao hukusanya maji ya Cherang'ani na Elgon ukayapeleka Ziwa Victoria. Matope ya ziwa hilo yameonyesha kwamba katika ule ukame wa kale lilikauka, na lilianza kujaa upya kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Maji yaliporudi yalikuta ziwa jipya lisilo na wenyewe, na samaki wadogo wanaoitwa furu wakaligawana: huyu akala konokono, yule akala mwani, mwingine akawinda wenzake, huyu akakaa kina kirefu na yule kifupi. Walipatikana aina kiasi cha 500 katika muda ambao kwa hesabu ya viumbe ni kufumba na kufumbua. Kisha katika miaka ya 1950 binadamu akamtia sangara ziwani, ambaye ndugu zetu wa Kisumu humwita mbuta. Kufikia miaka ya 1980 aina zinazokadiriwa kuwa 200 za furu zilikuwa hazionekani tena. Nakiri kwamba sangara amewalisha watu wengi na kujenga nyumba nyingi. Lakini alichokiharibu ndani ya miaka 30, hapana fundi awezaye kukirudisha.

KWETU PWANI

Sasa natelemka nyumbani. Wakati barafu ilipofunga maji mengi katika nchi za kaskazini, bahari ilishuka chini ya ilivyo leo kwa kiasi cha mita 120. Mkondo wa Unguja ni wa kina kifupi, hivyo Unguja ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama aliweza kwenda kwa miguu. Maji yalipopanda, walio kule wakabaki kule. Kima punju wa Jozani, ambaye leo kiasili hapatikani penginepo duniani isipokuwa Unguja, ni mmoja wa waliobaki. Ndugu zake, mbega wekundu, wametawanyika mbali mbali: wako Udzungwa, wako kando ya Mto Tana, na wengine wako Kongo hata Afrika Magharibi. Ukiwatia katika ramani utaona kama shanga zilizokatika uzi. Uzi ni msitu uliokuwapo zamani.

Pemba habari yake ni nyingine. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, na hata bahari iliposhuka kiasi kile haikukauka. Kwa hiyo Pemba imejitenga muda mrefu zaidi, na ina bundi wake, ninga wake na chozi wake. Kuna pia popo wake mkubwa, ambaye jamii yake haiko bara Afrika kabisa. Ndugu zake wako Komoro, Bukini na nchi za Asia. Mpemba asemaye kwamba kwao si sawa na kwingine hasemi uongo; hata ndege watamtolea ushahidi.

Na hapa liko jambo ambalo kila mtoto wa bahari apaswa kulijua. Misitu mingi ya bara iliposinyaa kwa ukame, ile ya milima inayotazama Bahari ya Hindi, kuanzia Taita, ikapita Usambara na Uluguru hata Udzungwa, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Wataalamu wanaona kwamba bahari yetu haikupoa sana, na pepo ziliendelea kupeleka unyevu milimani. Pepo hizo ndizo hizi hizi, kusi na kaskazi, zilizowaleta wazee wetu na majahazi yao. Ndiyo sababu milimani humo wamo viumbe wakongwe mno, ambao ukoo wao uliachana na mwingine mamilioni ya miaka kabla ya baridi ile ya mwisho. Si kila aina ilizaliwa katika zama moja. Baridi ya mwisho iliongeza sura tu katika kitabu kirefu.

Kando ya pwani yenyewe msitu mrefu uliachwa vipande. Yuko bundi mdogo wa Sokoke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1966 katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Baadaye alionekana pia chini ya milima ya Usambara, nchini Tanzania, mahali pengine palipobaki msitu wa namna ile. Yuko sange wa nyonga za dhahabu, yule mwenye pua ndefu mfano wa mkonga, ambaye ngome yake kuu ni msitu huo huo wa Arabuko. Arabuko-Sokoke yote ni kiasi cha kilomita 420 za mraba. Huyo sange hana nyumba ya pili ya maana.

TOFAUTI YA LEO NA JANA

Sasa nimjibu jirani yangu na wenzake. Zamani joto liliongezeka nyuzi nne au tano kwa muda wa maelfu ya miaka. Leo dunia imeongezeka zaidi ya nyuzi moja tangu mwisho wa karne ya 19, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imetokea katika umri wa mtu mmoja. Kwa ile hesabu yetu ya mlima, nyuzi moja ni sawa na kuuambia mmea upande zaidi ya mita 150. Mmea hauna miguu. Hupanda kwa mbegu, kizazi baada ya kizazi. Na ule wa kileleni mwa Elgon uende wapi? Juu ya mita 4,321 hakuna ardhi tena, ni hewa tupu. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na ile ya Mlima Kenya imekaribia kwisha. Hizo ni dalili zionekanazo kwa macho.

Hiyo ni tofauti ya muda. Tofauti ya pili ni ya njia. Zamani mnyama aliyefukuzwa na ukame alifuata mto mpaka msitu mwingine. Leo nzohe wa Saiwa akitoka nje ya kilomita zake tatu atakutana na mahindi, ua wa seng'enge, barabara ya lami, na mbwa. Tofauti ya tatu ndiyo kubwa: vipande vile vya msitu vilivyonusurika katika ukame wa kale ndivyo tunavyovifyeka sasa. Taita, misitu ya asili iliyosalia katika vilele ni midogo kiasi kwamba mtu aweza kuizunguka kwa miguu, na ndani yake wamo ndege wasiopatikana popote pengine. Ukame wa miaka 20,000 iliyopita haukuwamaliza. Kuni na mbao zaweza kuwamaliza.

Wako wanaotujibu kwamba tutapanda mingine. Mwezi wa Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa siku ya mapumziko ya taifa ili watu wapande miti. Jambo jema, nami siwezi kulibeza. Udongo utashikwa na kivuli kitapatikana. Lakini tusidanganyane. Mkaratusi elfu moja mstarini si msitu, kama vile nakala elfu moja za kitabu kimoja si maktaba. Msitu wa asili ni maktaba ambayo kila kitabu ndani yake kina nakala moja tu, kilichoandikwa kwa mkono, na mwandishi wake hatarudi. Mwenye kuichoma kisha akaahidi kununua karatasi mpya, tumwambieje?

Wala simlaumu mkulima. Watu wa Trans Nzoia wanailisha nchi, na sima iliwayo Mombasa yawezekana ilitoka hapa Matisi. Lakini mahindi hayo yanataka mvua na mito, na Elgon na Cherang'ani ni milima miwili katika mitano inayohesabiwa kuwa matangi makuu ya maji ya Kenya. Anayekata msitu ili apate shamba anakata tawi alilokalia.

UTAMADUNI ULIOKWISHA KUTANGULIA

Mhariri wa ukurasa huu wa utamaduni asije akadhani nimepotea mlango. Kulinda makimbilio ni utamaduni kabla ya kuwa sayansi. Wazee wa Mijikenda hawakusoma chavua kwa darubini, lakini makaya yao waliyazungushia miiko: usikate, usiwashe moto, usichukue hata ufito. Kwa miiko hiyo vipande vya msitu wa kale vilisalimika, kuanzia Kinondo hata Rabai na Kauma, na mwaka 2008 UNESCO iliyaandika makaya hayo katika orodha ya urithi wa dunia. Hayakuhifadhiwa na tajiri wala na askari wa msitu. Yalihifadhiwa na adabu.

Na sisi Waislamu tunayo ya kwetu. Hima, yaani ardhi iliyozuiwa isiharibiwe, ni jambo lijulikanalo katika sheria yetu tangu zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, na haramu ya Madina miti yake haikatwi. Kisiwa cha Misali, karibu na Pemba, ambacho wenyewe husimulia kuwa ni mfano wa mswala ulioelekezwa Kibla, kilitengwa mwaka 1998. Masheha na wavuvi walikumbushwa kwa lugha ya dini yao, wala si kwa lugha ya faini peke yake, kwamba binadamu amepewa dunia kwa amana. Mwenye amana hutumia, hafilisi.

Basi nasema mambo matatu. La kwanza, kila penye msitu wa asili, hata kama ni eka mbili nyuma ya msikiti au kando ya makaburi, ulindwe kabla ya kupanda mche hata mmoja mpya. La pili, kingo za mito ziachwe na miti yake ya asili, Nzoia kama ilivyo Tana na Sabaki, maana kingo hizo ndizo njia pekee zilizosalia za kumtoa mnyama kimbilio hili hadi lile. La tatu, watoto wafundishwe majina. Mtoto wa Pwani ajuaye jina la simba na tembo kutoka katika picha, lakini hajui sange wala kima punju, amenyimwa urithi wake. Kitu kisicho na jina kinywani mwa watu hakina mtetezi.

Tunayoyaona leo, mmea wa Elgon na nduguye wa Cherang'ani, nzohe wa Saiwa, popo wa Pemba, yote yalifikia hapa kwa kupita katika tundu la sindano, mara nyingi, na kila mara palikuwapo mahali pa kujificha. Hali ya hewa imekwisha kuanza kugeuka tena, na safari hii funguo za makimbilio ziko mikononi mwetu. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwenyezi Mungu atupe akili ya kuyakinga yangali mtungini.